Kinachompa ari afisa wa kilimo wa nyanjani Taita Taveta

KUTOKA Maungu, kituo cha malori kilicho kwenye barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, hadi vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau ni zaidi ya kilomita 30 za barabara ya vumbi jekundu. Afisa wa kilimo anayetarajiwa kumfikia mkulima wa Rukanga, Jora, Makwasinyi au Bungule hana budi kuipita njia hiyo, mara nyingi kwa pikipiki, huku akichunga saa ili asikutane na ndovu jioni wanapotoka vichakani.

Anapofika hana cha kuuza wala cha kugawa. Hana gunia la mbolea, hana chakula cha msaada, na hana mamlaka ya kumlazimisha mtu yeyote afanye lolote. Alicho nacho ni maneno: tayarisha shamba mapema, chagua mbegu ya muda mfupi, panga mashimo hivi, usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Kuyafuata au kuyapuuza maneno hayo ni hiari ya mkulima.

Ni nini basi kinachomfanya mtu huyo apande pikipiki tena siku ya pili, na mwaka wa pili, na wa ishirini? Jibu la haraka ni mshahara. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Wapo maafisa wenye mshahara huohuo na cheo hichohicho, mmoja akijulikana kwa jina katika kila boma la wadi yake, na mwingine akijulikana tu na mlinzi wa lango la ofisi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Taita Taveta. Kati ya kilomita mraba 17,084 za eneo lake, takriban asilimia 62 zimo ndani ya mbuga za kitaifa za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ardhi inayofaa kwa kilimo cha kutegemea mvua ni kama asilimia 12 tu. Humo ndimo sehemu kubwa ya watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019 wanamotafutia chakula.

Ardhi yenyewe haifanani. Katika vilima vya Dawida, kwenye wadi za Werugha, Mwanda na Wundanyi, mvua huzidi milimita 1,200 kwa mwaka na wakulima hupanda mboga, maharagwe na makadamia kwenye matuta yaliyochongwa katika miteremko mikali. Voi, kwa upande mwingine, hupata chini ya milimita 600, na mazao yanayoaminika huko ni ndengu, kunde, mtama na mihogo. Taveta ina chemchemi na mto Lumi unaomwagilia migomba ambayo ndizi zake huuzwa hadi Mombasa na Nairobi. Afisa aliyehamishwa kutoka Mahoo hadi Mbololo huwa kama aliyehamishwa nchi, kwani karibu kila alichokuwa akifundisha huanza kukijifunza upya.

Kazi iliyoanza kwa amri

Mabwana shamba, kama walivyoitwa tangu zamani, hawakuanza wakiwa marafiki wa mkulima. Wakati wa ukoloni walikuwa mkono wa serikali shambani. Waliamuru matuta yachimbwe na mifugo ipunguzwe, na aliyekaidi aliadhibiwa. Katika vilima vya Taita, mipango ya serikali kuhusu ardhi ilizusha upinzani uliozaa chama cha Taita Hills Association mwishoni mwa miaka ya 1930. Serikali ilikipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na vyama vingine viwili vya Waafrika.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulibadilisha mwelekeo kidogo, kwa kumruhusu Mwafrika kupanda mazao ya kuuza na kumletea ushauri wa kitaalamu. Baada ya uhuru huduma hizo, zinazoitwa za ugani, ziliendelea kupanuka.

Kipindi ambacho maafisa wakongwe hukitaja sana ni cha miaka ya 1980. Wakati huo Kenya ilitumia mfumo wa Mafunzo na Ziara, ambao ulibuniwa na mtaalamu Daniel Benor kutoka Israeli na kuenezwa na Benki ya Dunia katika nchi nyingi za Asia na Afrika. Mpangilio wake ulikuwa mkali. Kila wiki mbili afisa alihudhuria mafunzo, kisha aliwatembelea wakulima maalumu kwa siku iliyojulikana. Msimamizi naye alikuwa na siku zake za kuja kumkagua shambani.

Tathmini ya Benki ya Dunia yenyewe, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, haikuusifu mfumo huo. Ilionyesha kwamba matokeo yake nchini Kenya hayakulingana na gharama, na kwamba serikali isingeweza kuuendesha kwa fedha zake yenyewe. Pamoja na hayo, mfumo uliokosolewa kwa haki ulikuwa na jambo moja ambalo warithi wake hawajalipata kwa kiwango kile: afisa alijua kesho anakwenda wapi, anakwenda na ujumbe gani, na nani atamwuliza kama alifika.

Fedha za mradi zilipokwisha, zilikuta serikali tayari imesitisha kuajiri chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi. Maafisa walistaafu au kufariki na nafasi zao hazikujazwa. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kitaifa wa ugani wa NALEP, uliofadhiliwa na Sweden hadi mwaka 2011, ambao ulisisitiza kufanya kazi na vikundi vya wakulima wenye nia moja. Mwaka 2009 umri wa kustaafu katika utumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua hiyo ilichelewesha pengo bila kuliziba.

Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikahamishia kilimo kwa kaunti, na tangu 2013 afisa wa Voi au Wundanyi ameajiriwa na serikali ya kaunti wala si wizara ya Nairobi.

Wataalamu na hati za serikali hutaja mara kwa mara kiwango cha afisa mmoja kwa wakulima 400. Hali halisi nchini kwa miaka mingi imekuwa afisa mmoja kwa zaidi ya wakulima 1,000. Hesabu yake ni rahisi. Afisa mwenye wakulima 1,000 akiwatembelea wanne kila siku ya kazi, bila kuugua wala kuitwa mkutanoni, atamrudia wa kwanza baada ya mwaka mzima. Kufikia hapo mkulima huyo atakuwa ameshapanda, ameshavuna au ameshapata hasara.

Mambo ya aina mbili

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh. Waliwataka wakumbuke nyakati walipofurahia kazi yao mno, na nyakati walipoichukia.

Majibu hayakuwa pande mbili za jambo moja. Waliochukia walitaja mshahara, sera za kampuni, wasimamizi na mazingira ya kazi. Waliofurahia walitaja kazi yenyewe, kufaulu, kutambuliwa, kupewa dhamana na kupanda ngazi. Herzberg alihitimisha kwamba mambo ya kundi la kwanza yakikosekana huudhi, lakini yakiwepo hayatoshi kumtia mtu ari. Yale ya kundi la pili ndiyo huwasha moto.

Wasomi wengine wameyapinga maoni hayo kwa miaka mingi, hasa kwa kuwa mtu hupenda kujisifu mwenyewe mambo yakienda vyema na kumlaumu mkubwa wake yakienda vibaya. Tena, mhandisi wa Pittsburgh hakuwa akinunua petroli ya kazi kutoka mfukoni mwake. Hata hivyo mgawanyo huo humsaidia anayetaka kuielewa kazi ya nyanjani, mradi asisahau kwamba huku makundi hayo mawili hufungamana. Afisa hawezi kufaulu shambani asikofika, wala kutambuliwa na mkulima ambaye hajawahi kumwona.

Kupanda ngazi ndilo lalamiko linalosikika zaidi ofisini. Mtu huhitimu na stashahada kutoka vyuo kama Bukura, akaajiriwa, kisha akakaa katika daraja moja la mshahara kwa miaka mingi. Baada ya ugatuzi, mamlaka ya kupandisha vyeo yalipewa bodi za utumishi wa umma za kaunti, na zile ndogo zenye mapato hafifu zina nafasi chache za juu. Aidha, mishahara katika kaunti nyingi imechelewa kila Hazina ya Kitaifa inapochelewesha mgao.

Hilo halimtoi afisa kazini mara moja. Humfanya aanze kujigawa. Atafungua duka la pembejeo, au atajisajili kwa masomo ya jioni yasiyohusiana na kilimo, au atavizia nafasi katika shirika lisilo la kiserikali. Duka la pembejeo ni jaribu kubwa kuliko linavyodhaniwa. Afisa anayeuza dawa ya wadudu hupata ugumu kumwambia mkulima kwamba tatizo lake halihitaji dawa.

Petroli na aibu

Katika kaunti ambako wadi moja huweza kuwa na vijiji vilivyotengana kwa ranchi nzima, usafiri ndio kazi yenyewe. Miradi hujua hivyo, ndiyo maana hununua pikipiki. Mradi wa kilimo kinachostahimili mabadiliko ya hali ya hewa (KCSAP), uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na ambao Taita Taveta ilikuwa miongoni mwa kaunti zake 24, ulikuwa mmojawapo wa miradi mikubwa ya miaka ya karibuni iliyoleta fedha za shughuli za nyanjani.

Tatizo huja mradi unapofunga. Pikipiki hubaki, lakini fungu la petroli, matairi na spea huondoka. Katika ofisi nyingi za serikali nchini mtu huona pikipiki zenye nembo ya mradi uliokwisha zimeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu ya viti vyake.

Afisa asiye na petroli ana njia tatu. Anaweza kubaki ofisini na kungoja wakulima waje. Anaweza kupanda bodaboda kwa fedha zake, jambo ambalo wengi hulifanya kimyakimya kwa miaka. Au anaweza kumwomba mkulima anayemhitaji amlipie nauli, na hapo ndipo mambo huharibika, maana mwenye uwezo wa kulipa nauli ndiye mwenye haja ndogo ya ushauri, ilhali mjane wa Marungu mwenye ekari mbili za ndengu hataita mtu asiyeweza kumlipia.

Ni rahisi kulihesabu jambo hili kama la bajeti tu. Kwa afisa ni la heshima. Alitangaza katika baraza la chifu kwamba Alhamisi atafika kuonyesha jinsi ya kuchimba mashimo ya kuhifadhi maji. Watu kumi na wanane waliacha kazi zao wakakaa chini ya mti hadi saa saba. Hakuja. Safari ijayo watakuja watano. Hakuna anayejua kwamba sahihi ya kuidhinisha petroli haikupatikana. Wanachojua ni kwamba aliahidi na hakutokea. Mara mbili za namna hiyo zinatosha kumfanya mtu aache kuahidi, na afisa aliyeacha kuahidi ameacha kazi ingawa jina lake bado lipo katika orodha ya mishahara.

Wanawake katika kazi hii wana mzigo wa ziada. Njia za Kasigau, Sagalla na maeneo ya chini ya Mwatate si za kupitwa jioni, na afisa mwenye mtoto anayenyonya hapangi ziara kama asiye naye. Hata hivyo wao ndio mara nyingi hufungua milango ambayo wanaume hawaifungui. Katika vilima vya Taita, ambako wanaume wengi kwa vizazi wamekwenda kufanya kazi Mombasa na Nairobi, shamba huendeshwa na mama, na mama huuliza kwa uhuru zaidi anapozungumza na mwenzake.

Ndovu walipopita

Hakuna kinachojaribu moyo wa afisa wa Taita Taveta kama ndovu. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini, na takriban 15,000 kati yao walikuwa katika eneo la Tsavo. Mashamba ya Voi, Mwatate na Taveta yamepakana na makao yao.

Fikiria msimu uliokwenda sawa. Mkulima alikubali kuacha mbegu ya mahindi ya vilimani na kupanda ile ya muda mfupi. Alichimba mitaro ya kukinga maji, akapalilia mara mbili. Mvua ya vuli, ambayo katika maeneo ya chini ndiyo ya kutegemewa kuliko ya masika, ilinyesha vizuri. Kufikia Januari mahindi yamebeba. Usiku mmoja ndovu sita wanaingia, na asubuhi hakuna shamba.

Afisa aliyesifiwa wiki iliyopita sasa anaitwa kwa kazi nyingine. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mkulima aliyeharibiwa mazao anaweza kudai fidia kupitia kamati ya kaunti, na afisa wa kilimo huhusika katika kukadiria hasara. Hupima eneo, huhesabu mashina, huandika thamani. Mkulima humtazama akiandika, naye anajua kama anavyojua mkulima kwamba malipo ya fidia nchini yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Fomu ikikwama, jina linalokumbukwa kijijini ni la yule aliyeijaza.

Wapo maafisa ambao baada ya misimu miwili ya namna hii huacha kuwahimiza watu walime karibu na mpaka wa mbuga. Kuwalaumu ni vigumu. Lakini katika eneo la Sagalla, karibu na Voi, limejaribiwa jambo ambalo linaonyesha tofauti inayoletwa na afisa kuwa na jibu la kutoa. Shirika la Save the Elephants, chini ya mtafiti Lucy King, limefanya kazi na wakulima wa huko kujenga nyua za mizinga ya nyuki. Mizinga halisi na ya bandia huning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka.

Matokeo ya miaka mingi ya ufuatiliaji yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya kilele ya mazao, nyua hizo ziliwazuia zaidi ya asilimia 80 ya ndovu waliokaribia. Hazikuwa tiba ya kila kitu. Ukame wa mwaka 2017 uliwahamisha nyuki na kupunguza sana asali, na mzinga usio na nyuki hautishi kwa muda mrefu. Hata hivyo mkulima aliyepata debe la asali pamoja na gunia la ndengu huwa na sababu ya kumkaribisha mtaalamu nyumbani kwake, na mtaalamu aliyekaribishwa hurudi.

Kuwa na jibu

Yaliyotokea baada ya mwaka 2017 yalionyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Mwaka huo viwavijeshi vamizi vilithibitishwa kuingia Kenya. Mdudu huyo, ambaye asili yake ni bara la Amerika, hakuwa katika vitabu walivyosomea maafisa wengi. Wakulima waliwaletea mahindi yaliyotobolewa wakitaka dawa, nao waliopaswa kujua hawakujua. Baadhi walikaa mbali hadi mafunzo yalipofika. Wengine walikwenda shambani wakakiri wazi kwamba ni mdudu mgeni, wakajaribu njia kadhaa pamoja na mkulima, ikiwemo kuvitafuta viwavi asubuhi na kuviponda kwa mkono. Si ajabu kwamba kundi la pili ndilo linalokumbukwa kwa wema.

Miaka mitatu baadaye walikuja nzige wa jangwani, na wakati huohuo ukaanza ukame wa misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Katika kipindi hicho mafunzo ya kilimo cha mvua yalikuwa karibu na kejeli. Maafisa wa mifugo walikuwa na kazi zaidi kuliko wenzao wa mazao, kwa kuwa ng'ombe walihitaji kuokolewa au kuuzwa mapema. Inafaa kutaja hapa kwamba afisa wa mifugo huitwa "daktari" kijijini hata akiwa na cheti tu, ilhali mwenzake wa mazao mwenye shahada huitwa "yule wa kilimo". Dawa ya ndama aliyekuwa akifa huonekana ikifanya kazi jioni hiyohiyo. Ushauri wa kuchimba matuta huzaa baada ya misimu mitatu, na kufikia hapo mwenye shamba ameshaamini kwamba wazo lilikuwa lake.

Hilo la mwisho si kasoro. Afisa mzuri hulitaka. Lakini humnyima shukrani ambayo daktari huipata papo hapo, na ndiyo maana siku za wakulima na mashamba ya maonyesho yana thamani zaidi ya mafunzo yanayotolewa pale. Mkulima anaposimama mbele ya majirani mia moja na kueleza alichofanya, akamtaja aliyemfundisha, afisa hupata kitu ambacho barua ya pongezi kutoka makao makuu ya kaunti kule Mwatate haimpi.

Kinyume chake, hakuna kinachomvunja moyo kama kuwa mjumbe wa bidhaa mbovu. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya wakulima nchini waliuziwa, kupitia mpango wa ruzuku, mbolea isiyofikia viwango. Maafisa wa nyanjani hawakuitengeneza wala kuinunua. Lakini ndio waliokuwa wamezunguka wakiwahimiza watu wajisajili, na ndio waliokutana nao njiani baadaye.

Wanaobaki

Wapo waliokaa katika kazi hii zaidi ya miaka 25 bila kuchoka, na mambo machache yanawaunganisha. Wengi wana shamba lao wenyewe katika kaunti hii, na wakulima hulipita na kulitazama; hawawezi kufundisha wasichofanya. Huzungumza Kidawida, Kisagalla au Kitaveta, au wamejifunza kiasi cha kutania. Huenda mazishini. Wamewahi kukosea hadharani na kulikubali kosa.

Pia huwa na mtu wa kumwuliza. Kituo cha mafunzo ya kilimo cha Ngerenyi, katika vilima vya Taita, kimekuwa kwa miongo mingi mahali ambapo maafisa na wakulima hukutana na mbegu mpya na mawazo mapya. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kipo Voi, na watafiti wa KALRO na wa taasisi ya wadudu ya icipe wamefanya kazi katika vilima hivyo. Afisa anayealikwa kushiriki jaribio la utafiti, si kama dereva au mkalimani bali kama mtaalamu anayelijua eneo, hurudi kwenye wadi yake na hamu mpya. Simu nazo zimesaidia. Picha ya jani lenye madoa hutumwa kwa WhatsApp kutoka Bura, na jibu huja kabla ya jioni bila tone la petroli.

Katika miaka ya karibuni serikali ya kitaifa, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imekuwa ikiwatumia katika kaunti kadhaa vijana wanaotoa ushauri kwa wakulima na wakati huohuo kujipatia riziki kwa kuuza pembejeo na huduma. Wana nguvu, wana simu, na hawadai pensheni. Jaribu la duka la pembejeo lililotajwa awali linawahusu wao zaidi, kwa kuwa kwao biashara si kazi ya pembeni bali ndiyo posho yenyewe. Kama watapewa afisa mzoefu wa kuwaongoza, huenda wakapunguza umbali kati ya Maungu na Kasigau. Wakiachwa peke yao, watakwenda penye wateja, yaani kando ya lami.

Kaunti yenyewe ina jambo moja iliyo na uwezo nalo zaidi ya mengine, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mgao wa kwanza kutoka Nairobi mara nyingi huchelewa kwa miezi, na fungu la usafiri wa nyanjani ni miongoni mwa mafungu yanayofunguliwa mwisho. Lakini mvua ya vuli katika maeneo ya chini ya Voi na Mwatate huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na mashamba hutayarishwa Agosti na Septemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo mkulima yuko tayari kubadili mawazo kuhusu mbegu na mitaro, na ndiyo miezi ambayo pikipiki haina petroli. Ikipata petroli Desemba, afisa atawakuta watu wamekwisha kupanda.